Macho Yetu Baada ya Miaka Arobaini

(Hotuba iliyotolewa bwaloni na mwanafunzi wa zamani aliyemaliza Kidato cha Nne mwaka 1982, katika mkutano wa kukutana tena kwa wahitimu wa shule yetu.)



Katibu aliponipigia simu aliniomba nizungumze juu ya mafanikio katika kazi za mpakani. Nilimjibu kwamba mafanikio yangu yanaweza kusemwa kwa dakika mbili na zikabaki, lakini ninalo deni ambalo nimelikawiza miaka mingi, na mahali pa kulilipia ni hapa bwaloni. Kwa hiyo leo nitazungumza juu ya miwani.

Naona baadhi yenu mmeanza kucheka. Chekeni tu, lakini asubuhi ya leo nilisimama pale mlangoni tulipokuwa tukijiandikisha, nikawatazama. Karatasi ya majina ilikuwa na maandishi madogo. Mhitimu mmoja aliinyoosha mbele yake mpaka mkono ukaisha. Wa pili alimwambia mwanafunzi, "Kijana, hebu nitafutie jina langu." Wa tatu, ambaye ni rafiki yangu na amekaa safu ya mbele, alitia sahihi kwenye mstari wa marehemu. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyesema, "Sioni."

Neno hilo "sioni" ndilo lililonileta mbele yenu.

Mwalimu wetu

Ninyi wa miaka ile mtamkumbuka mwalimu wetu mmoja wa Kiswahili. Jina lake sitalitaja, na mtanielewa kwa nini. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini hivi, mpole, mwenye sauti nzuri ya kusoma. Tulipokuwa Kidato cha Kwanza alitusomea hadithi mwenyewe, na darasa lilinyamaza hata tukasikia upepo kwenye mikaratusi. Tulipofika Kidato cha Tatu akaacha kusoma. Alikuwa akifungua kitabu, anakinyoosha mbali kwa mkono mmoja, anarudisha kichwa nyuma, kisha anamwita mwanafunzi asome badala yake. Sisi tukampa jina la Mvuta Upinde.

Insha zetu nazo zilianza kurudi bila masahihisho. Zilikuwa na alama ya vema, namba, na basi. Tukasema mzee amekuwa mvivu. Mimi, ili niwachekeshe wenzangu, niliandika insha juu ya umuhimu wa kilimo, na katikati ya aya ya tatu nikachomeka sentensi nzima juu ya maharage ya bwaloni na wadudu waliokuwamo. Insha ilirudi na alama 14 kwa 20. Bweni zima lilicheka usiku ule, na sifa zikawa zangu.

Yule mwalimu hakuwa mvivu. Macho yake yalikuwa yamefikia umri. Nchi wakati ule ilikuwa katika uhaba wa fedha za kigeni, hata sabuni na sukari tulizipangia foleni, na miwani haikuwa kitu cha kuokota dukani. Lakini nadhani zaidi ya uhaba palikuwa na aibu. Mwalimu aseme mbele ya vijana arobaini kwamba haoni maandishi? Alinyamaza, akajificha nyuma ya alama ya vema. Nasi tukamcheka.

Zamu yangu

Mwaka 2008 nilikuwa na miaka 43, nikifanya kazi ya uwakala wa forodha Tunduma. Mnaijua kazi hiyo. Magari yanatoka Bandari ya Dar es Salaam yakielekea Zambia na Kongo, na kila gari lina makaratasi yake. Wakati huo macho yangu yalikuwa yameanza kunisumbua jioni, hasa taa ikiwa hafifu. Nililaumu taa. Nililaumu wino. Nililaumu hata wachapaji, kwamba siku hizi wanachapa herufi ndogo kubana karatasi.

Siku moja nilinakili namba ya chesisi ya gari, nikaandika 3 mahali pa 8. Kosa lilikuwa hilo tu, lakini makaratasi hayakulingana, na gari likazuiliwa siku nne. Dereva wake alikuwa Mkongo anayekwenda Lubumbashi. Alilala chini ya trela, akaishiwa posho, na siku ya tatu alikuja ofisini kwetu kuniomba fedha ya chakula. Nilimpa, huku nikimweleza habari ndefu za ugumu wa taratibu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanitazama nilivyoishika karatasi, akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Papa, macho yako inachoka."

Nilijiangalia. Mkono wangu ulikuwa umenyooka, kichwa kimerudi nyuma. Nilikuwa Mvuta Upinde.

Jicho linavyofanya kazi

Sasa wanafunzi mnisikilize vizuri, maana hapa pana fizikia yenu.

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, mna lenzi ya asili, laini, iliyoshikwa na nyuzi nyembamba na kuzungukwa na msuli. Ukitazama mlima, msuli unalegea na lenzi inakuwa bapa kidogo. Ukitazama kitabu, msuli unakaza na lenzi inavimba, nguvu yake inaongezeka, na herufi zinakaa sawasawa nyuma ya jicho. Mnafanya hivyo mara maelfu kwa siku bila kujua.

Lenzi hiyo hukakamaa mwaka hadi mwaka tangu utotoni. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuona wazi kitu kilicho umbali wa sentimita 7 au 8 tu kutoka jichoni. Mtu wa miaka 40 anahitaji kama sentimita 20 hadi 25. Akipita 50, nusu mita au zaidi. Kwa hiyo mkono unanyooka. Huu si ugonjwa na haumchagui mtu. Ni kama mvi. Na msiwasikilize wanaosema kwamba miwani ndiyo inayoharibu macho. Uvae usivae, lenzi ya jicho itaendelea kukakamaa vilevile.

Nguvu ya lenzi hupimwa kwa dayopta. Chukua 1, uigawe kwa umbali wa fokasi kwa mita. Lenzi ya dayopta 2 inakusanya mwanga katika nusu mita. Mtu anayetaka kusoma kwa umbali wa sentimita 40 anahitaji dayopta 2.5 juu ya zile za kuona mbali. Akiwa na miaka 45 jicho lake bado linatoa sehemu ya nguvu hiyo, kwa hiyo miwani ya namba 1 au 1.5 inamtosha. Akiwa na 60 jicho halitoi karibu kitu, na miwani hutoa zote. Ndiyo maana namba hupanda kila baada ya miaka michache mpaka hapo, kisha hutulia.

Miwani ya kusomea

Miwani yangu ya kwanza niliinunua kwa machinga karibu na mpaka, nikaijaribu kwa gazeti alilolibeba kwa kazi hiyo. Namba ilikuwa 1.5, sawa macho yote mawili. Nilipoivaa, herufi zilisimama kama askari. Nawaambieni ukweli, nilikaa kwenye benchi nikasoma gazeti lile lote, hadi matangazo ya vifo, na machinga akanidai gazeti lake.

Hii ndiyo lenzi ya namba moja: nguvu ni ileile juu, chini na pembeni. Faida yake ni upana. Ukurasa mzima uko wazi, na huhitaji kujifunza lolote. Hasara yake ni kwamba inaona umbali mmoja tu. Ukiinua macho kumtazama mgeni, uso wake umekuwa ukungu. Mimi siku nzima nilikuwa navua na kuvaa, na miwani niliipoteza mara nne, mara moja ikiwa juu ya kichwa changu.

Hata hivyo msiidharau. Mwaka 2006 wataalamu walichapisha uchunguzi uliofanyika vijijini Kongwa, Mkoa wa Dodoma. Zaidi ya watu 6 kati ya 10 wenye miaka 40 na kuendelea walikuwa na shida hii ya kuona karibu. Uchunguzi wa Zanzibar uliochapishwa mwaka 2010 uliwakuta karibu 9 kati ya 10, na katika hao wenye shida, waliokuwa na miwani inayowafaa hawakufika 2 kati ya 10. Na mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wachuma chai wa Assam, kule India, wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya kawaida ya karibu waliongeza uchumaji wao kuwashinda wenzao kwa takriban asilimia 22. Wale ni wachuma majani, wala hawakuwa wakisoma. Basi fikirini mama zetu wa Mbozi wanaochuma buni nyekundu na kuacha mbichi, au wanaochambua kahawa mezani, au fundi cherehani anayetunga uzi. Kwa wengi wao miwani hii ya bei ndogo inatosha kabisa.

Baifoko

Mimi haikunitosha, kwa sababu kazi yangu ilikuwa ya mbali na karibu kwa zamu. Nikapanda gari hadi Mbeya, nikapimwa, nikapewa baifoko. Hii ni lenzi yenye sehemu mbili: juu ni ya kuona mbali, chini mna kidirisha cha kusomea, na kati yake mstari unaoonekana.

Si kitu kipya. Mmarekani Benjamin Franklin alizieleza katika barua zake za mwaka 1784 na 1785. Alikuwa amechoka kubeba miwani miwili, akaamuru lenzi zikatwe nusu kwa nusu, nusu ya mbali ikawekwa juu na nusu ya karibu chini, katika fremu moja. Wakati huo alikuwa Ufaransa, na alisema zinamsaidia mezani: anaona chakula chake, na tena anaiona midomo ya wanaozungumza upande wa pili, jambo lililomwezesha kukielewa zaidi Kifaransa chao.

Baifoko ilinifaa miaka kadhaa. Kidirisha chake ni kipana, na usomaji wake ni mzuri. Lakini ina mambo mawili. Kwanza, jicho linapovuka mstari, picha inaruka. Siku moja nikiteremka kutoka kwenye kichwa cha lori nilitazama kipandio kupitia kidirisha cha chini, ambacho kazi yake ni kusoma. Kipandio kilionekana mahali ambapo hakikuwapo. Nilitua kwa goti. Pili, baifoko inajua mbali na inajua karibu, lakini haijui katikati. Kompyuta ilipoingia ofisini ikakaa umbali wa sentimita 70, yaani nje ya vyumba vyote viwili. Nilikuwa nainua kidevu na kuinamia skrini, na jioni shingo inauma.

Mtu wa London aitwaye John Isaac Hawkins aliliona tatizo hilo mapema, akatengeneza mwaka 1827 lenzi ya sehemu tatu, traifoko, ambayo katikati ina nguvu ya kati. Inasaidia, lakini sasa mistari ni miwili na picha inaruka mara mbili.

Progresivu

Ndipo tunafika kwenye lenzi ambayo wengi mmeisikia, na wengine mmeinunua kwa fedha nyingi mkaiweka kabatini. Inaitwa progresivu. Haina mstari. Juu ni ya mbali. Kadiri jicho linavyoteremka nguvu inaongezeka kidogo kidogo, mpaka chini kabisa inafikia nguvu ya kusoma. Tuseme nyongeza yako ni dayopta 2. Juu ni sifuri, ukishuka robo ya njia ni 0.5, katikati ni 1, na mwisho wa njia ni 2. Safari hiyo nzima hutimia katika milimita kumi na kitu tu, yaani pungufu ya upana wa kidole gumba. Kwa hiyo kompyuta inapata mahali pake, na hata bei za dukani zilizo umbali wa mkono zinapata mahali pake.

Mwingereza Owen Aves alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1907, lakini kuitengeneza vizuri kulikuwa kugumu. Aliyefanikiwa kuifikisha madukani ni mhandisi Mfaransa, Bernard Maitenaz, ambaye lenzi yake, Varilux, ilianza kuuzwa mwaka 1959.

Sasa, ikiwa ni nzuri hivyo, kwa nini wengine wameiweka kabatini? Kwa sababu ina gharama ambayo wauzaji wengi hawaitaji. Kila upande wa njia ile, kulia na kushoto, hasa sehemu ya chini, pana ukungu na mpindo.

Wanafunzi, mchana mtakapokuwa mnakula, geuzeni kijiko mjitazame mgongoni mwake. Uso utaonekana umevutwa. Mpira umejipinda sawasawa kila upande, lakini kijiko kimejipinda kidogo kwa urefu na zaidi kwa upana, kwa hiyo picha inavutwa. Lenzi ya namba moja ya kawaida inaweza kuwa kama kipande cha mpira. Progresivu haiwezi. Juu lazima iwe na mpindo mdogo, chini mpindo mkubwa, na uso wake uwe laini bila ngazi. Mafundi wanaweza kuhakikisha kwamba kwenye njia ya katikati mpindo ni sawa pande zote, lakini ukitoka pembeni lazima uso ugeuke kama kijiko. Kasoro hiyo huitwa astigmatizimu.

Mwaka 1963 mwanahisabati Mjerumani, Günter Minkwitz, alionyesha kwa hesabu kwamba karibu na njia ile, kasoro ya pembeni hukua mara mbili ya jinsi nguvu inavyoongezeka kwenda chini. Maana yake ni nini? Njia ikiwa fupi, au nyongeza ikiwa kubwa, njia inakuwa nyembamba zaidi. Mashine za siku hizi zinazoongozwa na kompyuta huchonga lenzi kwa kumfuata mvaaji mmoja mmoja, na ni nzuri kuliko za zamani. Lakini haziwezi kuufuta ukungu. Zinaweza tu kuuhamisha, kuutandaza au kuusukuma mahali usipokusumbua sana.

Niwape mfano wa nyumbani. Zamani gari lilisimama upande wetu wa Tunduma, likamaliza, kisha likasimama tena upande wa Nakonde. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe mwaka 2019, taratibu za nchi mbili zinafanyika mahali pamoja. Hiyo ndiyo tofauti ya baifoko na progresivu. Mpaka haukuondoka, ila huusikii kama zamani. Na foleni je? Foleni mnaijua wenyewe. Imesogea tu, haikufutika.

Jinsi nilivyoshindwa, na jinsi nilivyofaulu

Progresivu yangu ya kwanza niliinunua katika mji mmoja mkubwa nilipokuwa safarini. Fundi alipima umbali kati ya mboni zangu mbili kwa rula, akagawa kwa mbili, wala hakupima mboni zinakaa kimo gani ndani ya fremu. Tena fremu niliichagua mwenyewe, nyembamba, ya ujana. Matokeo yake, ili nisome nililazimika kuinua kidevu kama jogoo anayetaka kuwika, na sakafu ilikuwa ikielea. Nikaiweka kabatini mwaka mzima, nikiwaambia watu kwamba progresivu ni utapeli.

Aliyenifungua macho ni binti mmoja mtaalamu, aliyesomea kazi hiyo KCMC, Moshi. Aliniamkia, akaipokea miwani kwa mikono miwili, kisha akaipulizia pumzi kama mtu anayesafisha. Katika ule mvuke vikatokea vialama viwili vidogo vilivyochongwa kwenye lenzi, vikiwa mbali milimita 34 kimoja na kingine, na chini yake kinamba cha nyongeza. Kila progresivu ya kweli huwa na alama za namna hiyo. Akaniwekea nukta kwa kalamu, akanivalisha, akatazama, akasema, "Baba, miwani si mbovu. Haijakaa mahali pake. Imeshuka milimita nne."

Milimita nne! Na njia yote ni milimita kumi na kitu. Ilikuwa kama kujenga mlango na kuweka ngazi yake kwenye dirisha.

Alinipima upya, kila jicho peke yake kutoka katikati ya pua, maana pua za wengi wetu haziko katikati kamili. Akapima kimo cha kila mboni nikiwa nimesimama kama kawaida yangu. Akanichagulia fremu yenye kina cha kutosha. Kisha akanipa masharti, nami nawapa ninyi. Kwanza, ivae tangu asubuhi, usibadilishane na ile ya zamani. Pili, elekeza pua kwenye kitu unachotaka kukiona. Geuza kichwa, usigeuze macho peke yake. Tatu, ukishuka ngazi, inamisha kidevu ili utazame kupitia juu. Nne, vumilia wiki mbili, na ikishindikana rudi kwa mpimaji, usirudi kabatini.

Siku ya tatu nililaani. Siku ya tisa nilisahau kwamba nimeivaa.

Ipi ununue?

Mtaniuliza ipi ni bora. Jibu langu ni kwamba kila lenzi ni mapatano: inakupa hiki na kukunyima kile. Mtu anayeona mbali vizuri na anayesoma au kushona akiwa amekaa, miwani ya kusomea inamtosha. Anayetazama mbali na karibu tu, na ambaye hataki usumbufu wa kujifunza, baifoko ni rafiki mwaminifu. Anayehama mara kwa mara kati ya barabara, kompyuta na karatasi, kama sisi wa mpakani, au mwalimu kati ya ubao, darasa na daftari, progresivu iliyopimwa vizuri itamfaa. Anayekaa na kompyuta siku nzima anaweza kuulizia lenzi za ofisini, ambazo nguvu yake huteremka kutoka mita chache hadi kitabuni; njia yake ni pana zaidi, lakini asiendeshe gari nazo.

Ila kabla ya kununua chochote, pimwa. Miwani ya machinga haijui kama una presha ya macho, mtoto wa jicho, au madhara ya kisukari. Presha ya macho huiba uoni kutoka pembeni bila maumivu, na kilichoibwa hakirudi.

Nanyi wanafunzi, msidhani habari hizi ni za wazee tu. Yupo mmoja wenu anayenakili kutoka daftari la jirani kwa sababu haoni ubao. Anaitwa mjinga. Huenda namba moja ndogo ya miwani ndiyo inayomtenga na Kidato cha Tano.

Deni

Ndugu Mwenyekiti, namalizia. Yule mwalimu wetu amekwisha tangulia mbele ya haki. Mara ya mwisho nilimwona Vwawa, kabla ya mkoa wetu wa Songwe kuzaliwa mwaka 2016, wakati huku kote kulikuwa bado Mbeya. Alikuwa amekaa barazani, mjukuu anamsomea gazeti. Aliniuliza kama bado naandika insha. Nilicheka, nikamwamkia tena, nikaondoka. Sikumwambia habari ya maharage. Wakati ule miwani yangu ya kusomea ilikuwa mfukoni mwa shati, na ingeweza kumfaa. Haikunijia akilini kumwambia, "Mwalimu, hebu jaribu hii."

Hilo ndilo deni langu, na yeye siwezi tena kumlipa. Lakini katika shule hii wapo walimu waliopita arobaini. Wapo wapishi wanaochambua maharage, na naomba Mungu wawe wanayachambua vizuri kuliko enzi zetu. Yupo mlinzi anayesaini daftari la wageni asiloliona. Hakuna hata mmoja atakayeinua mkono aseme "Sioni", kama vile sisi hatukusema asubuhi ya leo.

Kwa hiyo napendekeza kwamba fedha tulizokusudia kununulia fulana za mkutano ujao, mwaka huu zilete mpimaji wa macho hapa shuleni kwa siku moja, awapime walimu na wafanyakazi wote, na wanafunzi watakaotaka. Na wale watakaohitaji miwani ya karibu waipate siku hiyohiyo. Mimi nitaanza kwa kutoa mchango wangu leo. Na rafiki yangu wa safu ya mbele atanisaidia kuandika orodha ya wachangiaji, baada ya yeye mwenyewe kupimwa.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.